Barua ya wazi kwa wanaotia saini

Kwa wakurugenzi, mameneja, wakuu wa idara, wenyeviti wa bodi na wote ambao majina yao hukaa chini ya maandishi yaliyoandaliwa na watu wengine.

YAH: TAHAJIA KATIKA MAANDISHI YA KAZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimeanza kwa sentensi hiyo kwa sababu nimekutana nayo mara nyingi kuliko sentensi nyingine yoyote katika maisha yangu ya kazi. Mimi ni karani wa masijala. Kwa miaka mingi nimepokea barua, nikazisajili, nikazipa namba za folio, yaani namba ya kila karatasi kwa mpangilio wake jaladani, na kuzifunga ndani ya majalada. Karani wa masijala hasomi barua ili aelewe hoja yake. Husoma jina, tarehe, kumbukumbu namba na anwani, ili ajue barua hiyo inaingia jalada gani na inapelekwa kwa nani. Ndiyo maana mimi na wenzangu huwa wa kwanza kuliona kosa la herufi, na kwa kawaida huwa wa mwisho kuulizwa habari zake.

Ninachowaomba ni kimoja. Kosa la tahajia lihesabiwe kuwa kosa la kazi, kama lilivyo kosa la hesabu, na wa kwanza kulihesabu hivyo awe yule anayetia saini. Sijapata kumwona mkuu wa ofisi aliyepokea taarifa ya fedha ambayo jumla yake haiendani na mchanganuo, akasema, "Wataelewa tu." Lakini "wataelewa tu" ndilo jibu nililopewa mara nyingi niliporudisha barua yenye jina la mtu lililokosewa.

Niwaeleze habari za jalada moja. Mtumishi aliyekaribia kustaafu aliambiwa kwamba madai yake ya mafao hayawezi kuendelea, kwa kuwa jina lililo katika cheti chake cha kuzaliwa si lile lililo katika kumbukumbu za ajira. Tofauti yenyewe ilikuwa dh na z. Nililichukua jalada lake nikaanza kulipekua kutoka barua ya karibuni kurudi hadi ya kwanza, folio moja moja. Barua za miaka ya mwisho zote zilikuwa na z. Barua ya kupandishwa cheo, z. Barua za likizo, z. Nilipofika folio ya 2 nikaikuta dh, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe katika barua ya kuomba kazi. Na folio ya 3, barua ya kumpa ajira, ndiyo iliyoanzisha z. Aliyeichapa barua ile huenda alisomewa jina kwa mdomo, akaandika alivyosikia. Tangu siku hiyo hakuna aliyerudi tena kwenye folio ya 2: kila barua mpya ilinakiliwa kutoka barua iliyoitangulia. Mwenye jina naye hakusema neno, kwa sababu kijana aliyeajiriwa jana haanzi kazi kwa kumsahihisha mkurugenzi, na akishakaa miaka 10 huona aibu kuuliza jambo ambalo hakuliuliza mwanzoni. Mzee huyo alizunguka miezi kadhaa na hati ya kiapo mkononi, akithibitisha kwamba yeye ni yeye.

Nilitaka kujua ni nani wa kulaumiwa, nikashindwa. Ndani ya jalada kulikuwa na saini 11 za wakuu mbalimbali chini ya barua zenye z, na waliozichapa walikuwa wamekwisha hama, wamestaafu au wamefariki. Mchapaji alinakili, ndiyo kazi aliyopewa. Aliyesaini ndiye pekee aliyekuwa na mamlaka ya kusema, "Nileteeni cheti nilione jina hili linavyoandikwa."

Kuna imani iliyoenea kwamba Kiswahili hakina shida ya tahajia, kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa. Imani hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuponza: tunaandika tunavyotamka, na hatutamki sawa. Wengi wetu tulianza maisha kwa lugha zisizotenganisha l na r, wengine hawatenganishi dh na z, wala th na s, wala gh na g, na kuna ambao h kwao huja na kwenda kama mgeni asiyebisha hodi. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa sababu uso wa msemaji na jambo linalozungumzwa hutuongoza. Karatasi haina uso. Niliwahi kupokea orodha ya vifaa yenye kichwa "Thamani za ofisi", ikitaja meza, viti na makabati, bila tarakimu hata moja ya fedha. Mkaguzi wa hesabu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Thamani iko wapi?" Ilichukua barua mbili za kujibizana hadi ikaeleweka kwamba mwandishi alikusudia samani. Tulicheka, lakini barua zile mbili ziliandikwa kwa saa za kazi, na zimo jaladani hadi leo.

Pengine kosa halichekeshi. Andika "mpangaji atalipa gharama za matengenezo", kisha uandike "mpangaji hatalipa gharama za matengenezo". Ni h moja tu, tena ni ile ile ambayo kila siku tunaiona ikiongezwa mahali isipohitajika na kudondoshwa mahali inapohitajika. Lugha yetu hubeba mzigo mkubwa ndani ya vipande vidogo vya neno: mdai na mdaiwa wanatenganishwa na silabi moja, mwajiri na mwajiriwa vivyo hivyo, mdhamini na mdhaminiwa vivyo hivyo, na kati ya mkopaji na mkopeshaji kuna herufi chache zinazoamua fedha inatoka mfuko upi kwenda mfuko upi. Mkataba unaosema "mwajiri atatoa taarifa ya siku 30" umempa wajibu mtu mmoja. Ongeza wa mwishoni mwa neno, wajibu umehamia upande wa pili wa meza. Programu ya kompyuta ya kukagua tahajia haitaweka mstari mwekundu chini ya neno lolote kati ya hayo, kwa kuwa yote ni maneno sahihi. Jicho la mtu anayejua mkataba unahusu nini ndilo linaloweza kuliona kosa hilo.

Kwa kuwa nimezitaja programu hizo, niseme pia kwamba katika ofisi nyingi kompyuta zimewekwa katika Kiingereza, hivyo ukurasa mzima wa Kiswahili hutokea umepigiwa mistari myekundu kutoka juu hadi chini. Mwandishi huzoea wekundu huo, na akishauzoea hauoni tena hata pale unapomwonya kwa haki. Simu nazo hufanya jambo baya zaidi: hubadilisha neno la Kiswahili kuwa neno la Kiingereza linalofanana nalo, na kwa kuwa siku hizi barua fupi za kikazi hutumwa kwa simu, mkuu hujikuta ametuma agizo ambalo hakuliandika yeye. Kubadilisha lugha katika mipangilio ya kompyuta ni kazi ya dakika chache. Mhusika wa mifumo akiagizwa na mkuu wake, itafanyika leo. Akiombwa na karani wa masijala, itasubiri.

Kuna wanaonijibu kwamba kila mtu huandika Kiswahili anavyojua na hakuna mwenye haki ya kumkosoa mwenzake. Sikubaliani nao. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa, kila mwandishi akiwa na namna yake, na kilipoandikwa kwa hati za Kilatini kila shule na kila mchapishaji naye alikuwa na yake. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kusawazisha tahajia ya vitabu. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, BAKITA, liliundwa mwaka 1967. Tuna kamusi. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huu au ule wa wakati huo, hata mimi ninayo manung'uniko yangu, lakini hawezi kusema kwamba hapakuamuliwa kitu. Anayeandika "kwasababu" na "kwahiyo" kama neno moja, na "ana omba" na "tuna wajulisha" kama maneno mawili, anakiuka makubaliano yaliyopo. Barua zinazomwita kiongozi wa kikao "mwenye kiti" nimezipokea nyingi. Huwa najiuliza wajumbe wengine walikaa wapi.

Wapo watakaoniambia kwamba makosa ya namna hii ni madogo na hayajapata kuiangusha ofisi. Mwaka 2009 ofisi ya msajili wa makampuni nchini Uingereza iliingiza katika daftari lake kwamba kampuni iitwayo Taylor & Sons iko katika ufilisi. Iliyokuwa ikifilisiwa kweli ilikuwa kampuni nyingine, Taylor & Son, isiyo na s mwishoni. Kampuni iliyoandikwa kimakosa ilikuwa ya uhandisi mjini Cardiff, yenye historia iliyoanzia karne ya 18 na wafanyakazi zaidi ya 250. Kosa liligunduliwa na kurekebishwa baada ya siku chache. Lakini habari ilikuwa imekwisha kufika kwa taasisi zinazotoa taarifa za mikopo, waliokuwa wakiiuzia kampuni kwa mkopo wakaingiwa na hofu, na baada ya muda mfupi kampuni ikaanguka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya huko ilitoa hukumu kwamba ofisi ya msajili iliwajibika kwa uzembe ule. Kinachonishika mimi, kama karani, ni zile siku chache. Masahihisho yalikuwa yakitembea kwa miguu, na kosa lilikuwa limekwisha panda gari.

Upo mfano unaokwenda kinyume chake, nao naupenda ijapokuwa unahusu wezi. Februari 2016 wahalifu waliingia katika mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti yake iliyoko New York. Kiasi cha dola milioni 81 kilifika Ufilipino. Dola nyingine milioni 20 zilikuwa njiani kwenda kwa taasisi moja ya Sri Lanka, lakini katika jina la taasisi hiyo wezi waliandika "fandation" mahali palipotakiwa "foundation", na benki iliyokuwa ikipitisha fedha hizo ikasimama na kuuliza. Maagizo yalikuwa yamekuja kwa njia halali ya mitambo. Herufi zilizokosewa ndizo zilizofanya swali liulizwe. Sasa fikirieni ofisi ambayo barua zake halali nazo zimejaa makosa ya kila namna: mtumishi wa ofisi hiyo atawezaje kuitilia shaka barua ya tapeli? Atakuwa amezoea.

Wala sisemi kwamba kosa huja kwa sababu ya uchache wa watu. Noti ya dola 50 ya Australia iliyotolewa mwaka 2018 ilikuwa na maandishi madogo sana yasiyosomeka kwa urahisi kwa macho matupu, na ndani yake neno la Kiingereza lenye maana ya "wajibu" lilikosa herufi i moja, zaidi ya mara moja. Noti milioni 46 zilikuwa zimechapishwa kabla ya kosa kujulikana hadharani mwezi Mei 2019. Kwamba neno lenyewe lilikuwa "wajibu" ni jambo ambalo hata mtunzi wa vichekesho angeona haya kulibuni. Noti huundwa na watu wengi wenye ujuzi, lakini penye watu wengi kila mmoja huweza kudhani kwamba mwenzake ndiye aliyesoma.

Na kosa likiachwa likakomaa, halitoki tena. Katika itifaki ya HTTP, ambayo kwayo kurasa za intaneti hufika kwenye kompyuta na simu zetu, kuna neno linaloutambulisha ukurasa mtu alikotokea; lilipoingizwa katika waraka wa mwaka 1996 lilikuwa limepungukiwa r moja, likiandikwa "Referer". Programu zilikuwa zimekwisha kujengwa juu ya neno hilo, na kulisahihisha kungezivunja. Hadi leo mitambo ya dunia nzima inalituma likiwa na kosa lake. Nilipolijua hilo nilikumbuka folio ya 3.

Mahali nilipoona jambo hili likichukuliwa kwa uzito unaostahili ni katika dawa. Kuna dawa iitwayo hydralazine, inayoshusha shinikizo la damu, na nyingine iitwayo hydroxyzine, inayotuliza mwasho na wasiwasi. Majina yanaanza sawa, yanamalizika sawa, na chupa huenda zikakaa rafu moja. Mamlaka ya dawa ya Marekani, kuanzia mwaka 2001, iliwataka watengenezaji wa dawa za namna hiyo waandike kwa herufi kubwa ile sehemu ya jina inayotofautiana, yaani hydrALAZINE na hydrOXYzine, ili jicho lisimame hapo. Hawakutosheka kumwambia muuguzi awe makini. Walichukulia kwamba muuguzi ni binadamu, huchoka na huharakishwa, wakabadilisha maandishi yenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Nimeona nyaraka nyingi za ndani zikiwakumbusha watumishi "kuzingatia umakini katika uandishi", na siku ile ile nyaraka hizo zilipotolewa, mchapaji aliletewa rasimu saa kumi kasorobo na kuambiwa barua itoke kabla ya saa kumi. Umakini unahitaji muda, na muda unagawiwa nanyi. Barua ya mtu mmoja isomwe na mtu wa pili kabla ya kufika kwa anayesaini, na mtu huyo wa pili asiwe yule aliyeichapa, maana aliyeandika huona kile alichokusudia. Jina la mtu lichukuliwe kutoka cheti au kutoka kwa mwenye jina, kamwe lisichukuliwe kutoka barua iliyotangulia. Mikataba isomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akifuatilia kwa kidole. Makarani wa zamani walifanya hivyo, na wengi wetu tuliwacheka. Na kosa likishatoka nje, litolewe barua ya kulisahihisha yenye kumbukumbu namba yake, badala ya kubadilisha ukurasa kimyakimya na kuacha nakala mbili zinazopingana.

Kuna jambo ninaliogopa, nalo ni kwamba barua hii itachukuliwa na baadhi yenu kuwa fimbo. Tafadhali msiifanye hivyo. Nimewafahamu watu wenye akili kali ambao l na r haziwatii, na nimewafahamu wengine wenye tahajia safi ambao hawana la kusema. Mtumishi akisomewa kosa lake mbele ya kikao, watu wakacheka, matokeo yake hayatakuwa tahajia bora. Ataacha kuandika, atapiga simu, ataagiza kwa mdomo, na jalada litabaki na mapengo ambayo ni mabaya kuliko kosa lolote la herufi. Na kuhusu waombaji wa kazi: nimeona barua ya kijana ikitupwa kwa sababu aliandika "ninaitaji" pasipo h, wakati tangazo la kazi alilokuwa akilijibu, lililosainiwa na mkuu mwenyewe, lilikuwa na makosa matatu, mojawapo katika jina la cheo kilichotangazwa. Kama mnataka kupima watu kwa kipimo hicho, anzeni na karatasi zinazotoka kwenu.

Nanyi wenyewe mkubali kusahihishwa. Katika ofisi nyingi marekebisho huteremka tu, hayapandi. Mchapaji akiona kosa katika rasimu ya mkurugenzi hulichapa lilivyo, kwa sababu aliwahi kulirekebisha akaulizwa nani amemtuma. Agizo moja la maandishi, kwamba yeyote anayeona kosa la tahajia katika barua yoyote, iwe ya nani, ana ruhusa ya kuirudisha bila kuomba radhi, lingebadilisha mambo mengi kuliko semina ya siku 3.

Barua hii niliisoma mara nne kabla sijaiona kuwa tayari. Kisha nikampa mwenzangu wa masijala aisome. Aliirudisha na alama mbili za penseli: mahali pamoja nilikuwa nimeandika "mwajiri" nilipokusudia "mwajiriwa", katika aya ile ile inayohusu maneno hayo.

Wenu katika kazi,

Karani wa masijala